Mtangazaji na Msikilizaji wa Mwisho wa Reli

Wewe uliye Ujiji kwenye baraza ya kahawa, wewe uliye Kibirizi unayesubiri boti ya kwenda vijiji vya kaskazini, wewe wa Mwandiga uliyepanga madumu yako ya mawese, na wewe wa ng'ambo, Uvira au Kalemie, unayetupata siku mawimbi yanapopenda, wote nawakaribisha.

Leo tuzungumze kazi ya utangazaji. Nitayaegemeza mazungumzo haya kwenye maisha ya mtu mmoja, marehemu Charles Hilary, aliyefariki Zanzibar Mei 11, 2025. Najua yupo atakayeuliza: Charles Hilary alizaliwa Unguja mwaka 1959, akafanya kazi Dar es Salaam, Ujerumani na London. Kigoma anaihusu nini?

Anaihusu sana. Mtangazaji ni mali ya kule anakosikika, hata kama hajawahi kukanyaga. Na katika wote wanaomsikia, mwenye haki kubwa zaidi juu yake ni yule aliye mbali kabisa, ambaye hana njia ya kwenda kuhakikisha kama aliyoambiwa ni kweli. Mtu wa Dar es Salaam akisikia uwanja umefurika, anaweza kupanda daladala akaone. Mtu wa Ujiji aliyesikia habari hiyo mwaka 1985 hakuwa na la kufanya isipokuwa kumwamini aliyesema, au kutomwamini. Hoja yangu ya leo imekaa hapo: utangazaji ni kazi ya kubeba imani ya mtu asiyeweza kukukagua. Sisi wa ziwa hili tumeuona upande mzuri wa kazi hiyo, na upande mbaya tumeuona pia.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo tukaitwa watu wa mwisho wa reli. Gazeti lilikuja kwa treni, nalo lilifika likiwa limeshalala njiani. Habari mbichi ilikuja na redio tu. Redio yenyewe ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD tuliyoikulia.

Waliokuwapo wanakumbuka namna redio ilivyotunzwa. Ilifunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, haikuguswa na mtoto, na waya wa antena ulipanda hadi kwenye mwembe. Betri zilikuwa ghali. Zikianza kuchoka zilitolewa, zikaanikwa juani juu ya bati, jirani kabisa na dagaa, ili jioni zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Muziki wa mchana haukupewa betri zile. Ziliwekewa akiba habari, matangazo ya vifo, na mpira.

Fikiria basi mzigo aliobebeshwa mtu aliyekaa mbele ya kipaza sauti Dar es Salaam. Kuna mtu kule mwisho wa reli ameanika betri tangu saa nne asubuhi ili amsikie kwa dakika kumi. Ukimpa mtu huyo porojo, umemwibia.

RTD ya wakati huo ililijua hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio. Walikaa, wakasikiliza, wakajadili, wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Mbiu ya Mikoa ilipigwa, na mtu wa Kasulu akasikia jina la wilaya yake likitajwa na sauti ileile iliyotaja London na Lusaka. Mazungumzo Baada ya Habari yalikuja na msimamo wa serikali na chama, na kila mtu alijua kuwa huo ni msimamo. Kulikuwa na Debora Mwenda na watoto wake wa Mama na Mwana. Kulikuwa na Julius Nyaisangah, ambaye nchi nzima ilimwita Uncle J hadi alipofariki Oktoba 2013. Kulikuwa na David Wakati, Edda Sanga, Tido Mhando, na Ahmed Jongo wa mpira. Wengi wetu hatukuzijua nyuso zao. Ungepishana na mmoja wao pale stesheni ya Kigoma na usingegeuka, mpaka aombe tiketi. Hapo ndipo kila kichwa kingegeuka.

Katika shule hiyo ndimo alimoingia Charles Hilary, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sauti yake ilikuwa nzito bila kuwa na kiburi, na alikuwa na subira ya kuliacha neno liishe kabla ya kuleta jingine. Lakini sauti ni majaliwa ya Mungu. Wenye sauti nzuri ni wengi, na wengine wanauza samaki hapo Katonga. Kilichomfanya mtangazaji ni kazi. Karatasi ya habari inasomwa kwanza nje ya chumba. Jina la mtu linaulizwa. Jina la mahali linaulizwa vilevile. Hadi leo tunasikia watu wakiivuruga Kakonko, wakiikata Buhigwe vipande viwili, wakiisogeza Kagunga hadi wilaya isiyo yake. Mtangazaji anayejiheshimu hupiga simu Kigoma akauliza: mnatamkaje? Ni swali la nusu dakika. Asipouliza, mtu wa Kakonko anajua papo hapo kuwa habari ile haikumhesabu, na anaanza kujiuliza mengine aliyoambiwa yana ukweli gani.

Sasa chukua mpira, maana hapo ndipo imani hii inapoonekana wazi kabisa. Novemba 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ugenini walitoka bila kufungana. Marudiano yakawa Dar es Salaam, na Simba ikafungwa mbili kwa bila nyumbani kwake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja. Kigoma nzima iliiona fainali ile kwa masikio.

Nieleze kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana wengi wanadhani ni kupiga kelele. Mtangazaji hodari wa mpira redioni hatangulii kushangilia. Anakwambia kwanza mpira uko upande gani wa uwanja, uko miguuni mwa nani, na timu ipi inashambulia goli lipi. Kila baada ya dakika chache anarudia matokeo na muda uliokwenda, kwa sababu anajua yupo aliyetoka ziwani sasa hivi, na yupo aliyekuwa anabadilisha betri. Mpira ukipigwa kuelekea golini, anakuacha roho juu kwa kitambo kidogo, kisha anakupa ukweli bila kuzunguka: umeingia, umedakwa, umetoka nje. Hana ruhusa ya kusema umeingia kwa sababu anatamani uingie. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wanasikiliza redio moja, na wote wawili lazima wamalize dakika tisini wakikubaliana juu ya kilichotokea. Charles Hilary aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na watu wa timu zote mbili walimkubali. Kwa nchi yetu hii, hiyo si shahada ndogo.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Mwaka 1994 ikaja Radio One, na baadhi ya sauti za RTD zikahamia huko, ya Charles Hilary ikiwamo. Huko ndiko kipindi chake cha muziki, Charanga Time, kilikompa jina la Mzee wa Macharanga. Sisi wa Kigoma katika muziki wa dansi ni wakaguzi wakali. Tumekaa mkabala na Kongo. Kabla Dar es Salaam haijaisikia rumba mpya, huku ilishavuka maji, ikiletwa na redio za ng'ambo au na mabaharia. Mtangazaji akikosea jina la mpiga gitaa, Ujiji inacheka kabla hajamaliza sentensi. Kuheshimika na wasikilizaji wa namna hiyo kunataka mtu ausome muziki, ajue nani alipiga na bendi gani, na ajue pia wakati wa kunyamaza ili wimbo usikike.

Mwaka 2003 akaenda Ujerumani, idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Mwaka 2006 akahamia BBC, London. Hapo tena msikilizaji wa Kigoma alimfuata, kwa masafa mafupi, akizungusha kitufe taratibu kati ya mikwaruzo. BBC ilipoanzisha Dira ya Dunia ya televisheni mwaka 2012, wengi kwa mara ya kwanza wakaona nyuso za watu waliowasikia miaka yote. Televisheni ni kazi nyingine kabisa. Redioni unaweza kuvaa kandambili. Kwenye televisheni jicho la mtazamaji linatangulia sikio: tai imekaaje, nywele zikoje, amenenepa au amekonda. Wapo waliotoka redioni wakazama huko kwa sababu walidhani sura inatosha. Wengine waliishika kanuni ileile ya zamani, ya kujua unachokisema kabla hujakisema, na hao hawakuzama.

Mwaka 2015 alirudi nyumbani, akaingia kituo cha Azam. Na hapa nataka niitaje siku moja ambayo ni yetu sisi. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Kwa miaka mingi Kigoma iliisikiliza mechi hiyo ikitoka Dar es Salaam. Siku hiyo ikageuka: kamera zilikuwa kwetu, na Dar es Salaam ndiyo iliyokaa kutusubiri. Yanga walibaki kumi baada ya Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu, na Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee kwa kichwa kipindi cha pili. Mzee aliyeanza kusikiliza mpira wakati wa betri za kuanika alikaa jukwaani akaona kwa macho yake. Nadhani ndipo wengi walipogundua jinsi watangazaji wa zamani walivyokuwa wakweli. Uwanja ulikuwa kama walivyousema, na upana wake, na vumbi lake, na kelele zake. Miaka yote hawakutudanganya.

Lakini msikilizaji, nilisema tumeuona na upande mbaya. Tugeuze macho kaskazini.

Julai 1993, Kigali, ilianza kutangaza redio iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na kila kitu ambacho kijana wa leo anadhani ndicho utangazaji: watangazaji wachangamfu, utani wa mitaani, muziki mzuri wa Kongo, simu za wasikilizaji. Watu waliipenda. Walipokwisha kuipenda, ikaanza kuwaambia nani ni adui yao, na Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, ikataja watu na mahali walipojificha. Mmoja wa watangazaji wake, Georges Ruggiu, Mbelgiji mwenye asili ya Italia, alikamatwa Mombasa mwaka 1997. Alikiri makosa yake mbele ya mahakama ya kimataifa pale Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2000. Desemba 2003 mahakama hiyohiyo ikawatia hatiani waasisi wawili wa kituo na mhariri wa gazeti moja. Ruggiu hakutiwa hatiani kwa panga wala bunduki. Silaha yake ilikuwa kipaza sauti kama hiki kilicho mbele yangu.

Sisi hatukuyasoma hayo vitabuni. Waliokimbia Rwanda waliingia Ngara. Waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya Oktoba 1993 walikuwa wameshatangulia kuingia Kibondo na Kasulu. Na hapo hapo, katika dhiki ileile, redio ikafanya kazi ya kinyume. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango kwa lugha za Rwanda na Burundi ili waliopotezana watafutane: mama anatajwa kwa jina, kijiji alichotoka, na majina ya watoto anaowatafuta. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi likafungua Radio Kwizera pale Ngara, ikahudumia kambi na vijiji vilivyozizunguka. Mwaka huohuo Bujumbura ikapata Studio Ijambo, ambako waandishi Wahutu na Watutsi walitumwa wawili wawili kwenda kuandika habari moja, ili asiwepo wa kupindisha.

Ukiziweka RTLM na Gahuzamiryango bega kwa bega, unaona jambo la kutisha kidogo. Zote mbili zilisoma majina ya watu hewani. Moja iliyasoma ili wenye majina wauawe, nyingine iliyasoma ili wenye majina wapatikane na watu wao. Mitambo ni ileile, na pengine hata uzuri wa sauti ulilingana. Tofauti ilikuwa katika nia ya aliyeshika karatasi na ya waliomkabidhi.

Tukiwa bado kwa majirani, nimtaje Bob Rugurika, mkurugenzi wa Radio Publique Africaine ya Bujumbura. Mwezi Septemba 2014 watawa watatu wa Kiitaliano waliuawa Kamenge. Januari 2015 redio yake ikarusha maelezo ya mtu aliyedai kushiriki katika mauaji yale, naye akawataja wakubwa. Rugurika akawekwa ndani. Alipotoka Februari, watu wa Bujumbura walijaa barabarani kumpokea, umati ambao wanasiasa wengi hawajawahi kuupata. Unajua kwa nini? Kwa sababu alibeba swali lao hadi mahali ambapo wao wasingefika.

Mei mwaka huohuo kukawa na jaribio la mapinduzi, na katika vurugu zile vituo binafsi vya redio vilishambuliwa, vikachomwa, vikanyamaza. Watangazaji wakakimbia nchi. Tazama kilichotokea siku hizohizo kwenye ufukwe wetu. Maelfu kwa maelfu ya watu waliteremka mlimani wakajazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka. Mv Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaenda na kurudi kuwaleta Kigoma. Walifikia uwanja ule ule wa Lake Tanganyika ambao miaka sita baadaye ulichezewa fainali, wakapelekwa Nyarugusu.

Sisemi kwamba watu walikimbia kwa sababu redio zilizimwa. Ila nchi ambayo redio zake zimezimwa, uvumi ndio unaotangaza, na uvumi hauna mhariri. Mtu aliyeko kilimani hajui barabara ipi ni salama, hajui nani amefika mji gani, hajui kama kesho kuna shule. Anachukua watoto anashuka ziwani. Ndiyo maana nasema mtangazaji mwaminifu ni sehemu ya usalama wa ziwa hili, sawa na boya na taa ya bandarini.

Kazi hiyo ina gharama. Kwa jirani zetu wa mashariki ya Kongo, Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002 na kutangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwamo, ilimpoteza Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008. Wote wawili waliuawa Bukavu kwa risasi. Mtu akikwambia utangazaji ni kazi ya kuuza sura, mtajie majina hayo mawili.

Turudi kwa Charles Hilary, maana kuna sehemu ya maisha yake ambayo wasifu mwingi unaipita haraka. Mwishoni mwa mwaka 2021 aliteuliwa kuongoza mawasiliano Ikulu ya Zanzibar, baadaye akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi. Kazi hiyo aliifanya hadi kufa kwake. Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Zuhura Yunus naye alitoka BBC akaenda Ikulu ya Dar es Salaam mwaka 2022. Na hapa kwetu Kigoma, Clayton Chipando, ambaye kila mtu anamwita Baba Levo, msanii aliyewahi kuwa diwani wa Mwanga Kaskazini, alitangaza redio ya Wasafi, kisha mwaka 2025 akagombea ubunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM na akatangazwa mshindi.

Wapo wanaolalamika kuwa huku ni kuiuza imani ya wasikilizaji. Mimi sioni hivyo moja kwa moja. Mtu mzima ana haki ya kubadili kazi. Msemaji wa serikali anafanya kazi halali, tena inayohitaji ujuzi uleule wa kueleza jambo likaeleweka. Ila viti hivi viwili vinatazama pande tofauti. Mtangazaji anakaa upande wa msikilizaji na kuuliza. Msemaji anakaa upande wa aliyemwajiri na kujibu. Charles Hilary alipohama, alihama mchana kweupe. Cheo kilitangazwa, na aliyemsikia tangu siku ile alijua anazungumza kwa niaba ya nani. Hiyo ni adabu ya kazi. Ninayemwogopa mimi ni yule aliyebaki kwenye kiti cha mtangazaji huku mfukoni ana barua ya mtu mwingine: anasifia mradi kwa sababu amelipwa nauli, anamnyamazia mheshimiwa kwa sababu amemwahidi nafasi, anasoma tangazo la biashara kwa sauti ya habari. Huyo amehama bila kutuaga.

Na tuseme ukweli, wapo vijana wanaosukumwa huko. Leo mkoa wetu una redio kadhaa, jambo ambalo mzee wa betri za kuanika asingeliota. Tunasikia bei ya migebuka ya asubuhi hii hii, tunasikia Kiha, tunasikia daraja lipi limekatika. Lakini katika fani hii nchini mwetu wapo vijana wengi wanaotangaza bila mkataba, kwa posho ya nauli, au kwa asilimia ya matangazo waliyoyaleta wenyewe. Kanuni za Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 zilitaka mwandishi awe na stashahada. Vyema. Stashahada bila mshahara, hata hivyo, inazaa msomi mwenye njaa. Mtangazaji asiyelipwa na kituo chake atalipwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hatoi fedha yake bure.

Lipo pia gonjwa la simu. Asubuhi mtangazaji anafungua mtandao, anaona picha na maneno, anayasoma hewani kama habari. Hakuuliza aliyeandika ni nani wala picha ni ya lini. Ufukwe huu una somo la zamani juu ya jambo hilo. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, aliingia Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone. Salamu aliyodai kuitoa siku ile, “Dakta Livingstone, kama sikosei?”, imesifika duniani kote, na watalii wanakuja Ujiji hadi leo kwa ajili yake. Ukitafuta ushahidi, ukurasa wa siku hiyo katika shajara ya Stanley umechanwa, na Livingstone mwenyewe hakuiandika salamu hiyo. Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwapo, yeye ndiye aliyetoka mbio kumlaki mgeni, na watu wa Ujiji walikuwapo wamejaa. Lakini salamu ile dunia haikuipokea kwao. Mahojiano mashuhuri kuliko yote yaliyofanyika Kigoma yanasimama juu ya neno la mtu mmoja aliyekuwa na gazeti la kuuza.

Kwa hiyo, kijana wa Mwanga, wa Gungu, wa Buzebazeba, unayetaka kushika kipaza sauti, nina machache ya kukwambia. Soma kabla ya kusema. Uliza jina la mtu na namna linavyotamkwa. Usitangaze lililokufurahisha kabla hujalihakiki, na lililokuudhi lihakiki mara mbili. Jifunze Kiswahili hadi kikutii, na Kiha chako usikionee haya, maana bibi wa Buhigwe naye ni msikilizaji. Ukipata kazi nyingine, nenda, ila tuage.

Na wewe msikilizaji usidhani umesalimika. RTLM ilipendwa na wasikilizaji kwanza, ndipo ikapata nguvu ya kuua. Mtangazaji hupimwa na watu wanaomsikiliza. Wakimshangilia akiwa mwongo, kesho ataongeza. Zamani ulikuwa huna njia ya kumkagua. Leo simu iko mkononi mwako na namba ya studio inatajwa kila baada ya nusu saa. Ukitusikia tumesema dagaa wameshuka bei Kibirizi nawe umesimama Kibirizi unaona sivyo, piga. Ukisikia tumemtuhumu mtu, piga uulize tumeipata kwa nani. Tukikasirika, jua tulikuwa hatuna jibu, na uhamie kituo kingine bila huruma, hata kama sauti zetu ni tamu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa leo. Taarifa ya habari inafuata. Isikilize kwa makini, na usione haya kuikagua.